Treni ya Familia Ulaya: Lipa Nini Kwanza, Lipa Nini Mwisho



Wiki chache zilizopita mteja mmoja alitupigia simu akiwa na swali moja tu: "Nimelipa tiketi za treni za Ulaya kwa kadi ya simu, sasa viza ya mke wangu imekataliwa. Mnaweza kunirudishia hiyo pesa?" Tuliukagua muamala. Alikuwa ameufanya mwenyewe, akauidhinisha mwenyewe, na tiketi zilikuwa zimemfikia kwa barua pepe. Zilikuwa za bei ya chini kabisa, zile ambazo muuzaji huandika wazi kwamba pesa hazirudi. Jibu letu halikumfurahisha: muamala ambao mwenye akaunti ameuidhinisha, na alichonunua akakipata, hatuwezi kuugeuza.

Hapo hapakuwa na mkora yeyote. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: kilichofaa kulipiwa mwisho kililipiwa kwanza. Ndiyo maana leo tunafundisha jinsi ya kupanga safari ya familia kwa treni katika nchi kadhaa za Ulaya, na foleni ambayo malipo yako yanafaa kufuata.

Familia yetu ya mfano

Tuchukue familia ya watu wanne kutoka Nakuru: baba, mama, kijana wa miaka 14 na msichana wa miaka 9. Wanataka kwenda likizo ya Agosti kwa siku kumi hivi. Watashuka kwa ndege Amsterdam, Uholanzi, walale usiku 2. Kisha treni hadi Köln, Ujerumani, usiku 2. Kutoka hapo treni hadi München, usiku 3. Mwisho watavuka milima ya Alps kupitia Austria na kuingia Italia, walale Venice usiku 3, halafu ndege ya kurudi nyumbani.

Hizo ni nchi nne, na treni za masafa marefu ni za siku tatu tu. Amsterdam hadi Köln ni kama saa tatu. Köln hadi München ni kama saa nne na nusu. München hadi Venice ndiyo safari ndefu kuliko zote: treni hupita Innsbruck, hupanda njia ya Brenner, hushuka hadi Verona, kisha huelekea Venice. Tenga siku nzima kwa hiyo. Ukiwahi kupanda SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa unajua watoto wanavyokuwa baada ya saa tano za kukaa, kwa hivyo usiwapangie jambo lingine jioni hiyo.

Chora njia yako hivi kwenye karatasi kabla ya kufungua mtandao wowote wa kuuza tiketi. Andika mji, idadi ya usiku na nchi. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua viza, tiketi na bajeti.

Viza: hesabu usiku mtakaolala

Nchi zote nne za mfano wetu ziko ndani ya eneo la Schengen, kwa hivyo viza moja inatosha kwa kila mtu. Swali ni: mtaomba kwenye ubalozi wa nchi gani? Wengi hudhani ni pale ndege inapotua. Kanuni ni kwamba mnaomba kwa nchi ambayo mtakaa muda mrefu zaidi. Ikiwa muda ni sawa, ndipo mnaangalia nchi ya kwanza kuingia. Familia yetu italala Uholanzi usiku 2, Italia usiku 3 na Ujerumani usiku 5. Basi ombi lao ni la Ujerumani, hata kama ndege inatua Amsterdam.

Mambo mengine ya kushika:

- Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Jibu la kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Nafasi za miadi huwa haba likizo ikikaribia, kwa hivyo anza mapema.
- Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu. Kila mtoto awe na pasipoti yake.
- Bima ya safari igharamie matibabu ya angalau euro 30,000, na ifanye kazi katika eneo lote la Schengen kwa siku zote za safari.
- Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, barua ya ridhaa ya yule mwingine huhitajika.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajafikisha 12. Chini ya miaka 6 ni bure. Kwa familia yetu: baba 90, mama 90, kijana wa miaka 14 naye 90, msichana wa miaka 9 analipa 45. Jumla euro 315. Tukichukulia kwa mfano tu kwamba euro 1 ni shilingi 150, hizo ni shilingi 47,250, kabla ya ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi. Na ukinyimwa viza, ada hiyo hairudi. Hii ni pesa ya kuhatarisha ambayo huwezi kuikwepa, kwa hivyo hakikisha ndiyo peke yake.

Angalizo: Uingereza haimo Schengen. Ukitaka kuongeza London kwenye karatasi yako, familia nzima itahitaji viza nyingine na ada nyingine. Uswisi imo Schengen, lakini pesa yake ni faranga. Hungary na Ucheki nazo zina sarafu zao. Kila sarafu mpya ni gharama mpya ya kubadilisha, na mfano wetu una nchi za euro tupu.

Mtoto mmoja, umri tatu

Hapa ndipo wazazi wengi hupoteza hela bila kujua. Kijana wetu wa miaka 14 ni mtu mzima kwenye ada ya viza. Kwenye treni za masafa marefu za Ujerumani, watoto wa miaka 6 hadi 14 husafiri bure wakiandamana na mtu mzima, mradi wameandikwa kwenye tiketi wakati wa kununua. Chini ya miaka 6 hawahitaji tiketi. Lakini kwenye pasi ya Eurail, mtoto ni wa miaka 4 hadi 11, kwa hivyo kijana huyo huyo anaingia kundi la vijana wa miaka 12 hadi 27, ambao hulipa kwa punguzo.

Kwa hivyo usiweke umri kwa mazoea. Kila unapofungua ukurasa wa kununua, andika umri halisi wa mtoto siku ya safari. Kijana akitimiza miaka 15 wiki moja kabla ya safari, nauli yake ni nyingine.

Pasi au tiketi moja moja?

Interrail ni pasi ya wakaazi wa Ulaya. Sisi tunaotoka Kenya tunanunua Eurail. Pasi ya Eurail ya nchi zote hufanya kazi katika nchi 33, na mtu mzima mmoja anaweza kuchukua watoto wawili wa miaka 4 hadi 11 bila kulipia pasi zao, ila lazima pasi za watoto ziagizwe pamoja na yake. Usipoziagiza, mtoto hana tiketi.

Je, inafaa kwa familia yetu? Hesabu siku za treni ndefu: tatu. Pasi ndogo kabisa ya nchi zote ni ya siku 4 za safari ndani ya mwezi 1. Siku moja ingebaki bure. Zaidi ya hapo, pasi si kiti. Treni za kasi za Italia na za Ufaransa, pamoja na Eurostar, hudai nafasi ya kiti ilipiwe kando hata ukiwa na pasi. Treni za kasi za Ujerumani hazilazimishi, ingawa mwezi wa Agosti tunashauri mlipie viti, la sivyo mtoto mmoja atakaa behewa hili na mwingine lile.

Ukiwa na siku tatu na tarehe zisizobadilika, linganisha kwanza tiketi za kawaida zilizonunuliwa mapema. Ukiwa na siku saba au nane za treni, au unataka uhuru wa kubadilisha siku, pasi huanza kuwa na maana. Kaa na kalamu, piga hesabu ya familia nzima, viti vikiwemo. Tangazo la pasi huonyesha bei ya mtu mmoja, nanyi mko wanne.

Kwenye tiketi za kawaida, soma aina yake kabla ya kulipa. Ujerumani, kwa mfano, tiketi ya Super Sparpreis ni ya treni ile ile uliyochagua na haibatilishwi. Ile ya Flexpreis ni ghali zaidi lakini inaruhusu treni nyingine siku hiyo, na unaweza kuibatilisha kabla ya siku ya safari. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo bei ya wasiwasi wako kuhusu viza.

Foleni ya malipo

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo. Fuata mpangilio huu:

1. Weka akiba. Familia nyingi haziwezi kutoa gharama yote kwa mkupuo. Fungua akiba ya kufungwa kwenye simu na uweke mdogo mdogo kila wiki. Juu ya bajeti ongeza asilimia 10, kwa sababu euro inaweza kupanda kabla hujalipa.
2. Weka nafasi za kulala zinazobatilishwa bila malipo. Ubalozi utataka kuona mtalala wapi, na nafasi kama hizi zinakutosha. Andika tarehe ya mwisho ya kubatilisha kwenye kalenda ya simu.
3. Kwa ndege, tumia nafasi iliyoshikiliwa au tiketi inayorudishwa.
4. Lipa bima na ada ya viza. Uliza kampuni ya bima mapema kama hurudisha pesa viza ikikataliwa.
5. Subiri. Huu ndio mlango ambao mteja wetu aliuruka.
6. Viza zote nne zikitoka, narudia, zote nne, nunua tiketi za treni siku hiyo hiyo. Za bei nafuu huwa chache, na bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia.
7. Mwisho kabisa, lipia makumbusho, mashua za Venice na vitu vidogo.

Unaweza kusema: nikisubiri viza, si bei ya treni itapanda? Kweli, inaweza kupanda. Ndiyo sababu ya kuomba viza mapema iwezekanavyo, ili kusubiri kwenyewe kuwe kufupi. Na kama huwezi kusubiri, nunua tiketi inayorudishwa. Kulipa zaidi kidogo kunauma, lakini kupoteza nauli ya watu wanne kunauma zaidi.

Siku ya kulipa

Kampuni za reli za Ulaya hazipokei pesa za simu moja kwa moja. Utalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu, au kwa kadi ya benki. Kabla ya siku yenyewe:

- Angalia kikomo. Kwa sasa nchini Kenya muamala mmoja wa pesa za simu hauzidi shilingi 250,000, na wa siku nzima hauzidi shilingi 500,000. Kadi yako inaweza kuwa na kikomo kidogo zaidi. Gawanya manunuzi ikibidi.
- Jaribu kadi kwa kitu kidogo kwanza. Usigundue imekataa huku saa ya ukurasa wa tiketi inahesabu dakika.
- Chagua kulipa kwa euro. Ukurasa au mashine ikikuuliza euro au shilingi, shilingi huonekana rahisi, lakini kiwango cha kubadilisha huwekwa na upande wa muuzaji na mara nyingi ni ghali.
- Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti.
- Tunza risiti, na usiifute kadi uliyolipia mpaka safari iishe. Pesa ikirudishwa, hurudi kwenye kadi ile ile.

Laini ya Kenya isibaki nyumbani

Kuna familia nyingine ilitufikia kupitia shangazi yao aliyekuwa Thika. Wao walikuwa kwenye kituo cha treni, watoto wamelala juu ya mabegi, wakijaribu kununua tiketi ya jioni. Salio lilikuwepo la kutosha. Lakini kila wakilipa, nambari ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini ya baba, na laini hiyo ilikuwa kwenye droo Thika. Aliitoa kwenye simu ili aweke ya Ulaya.

Wasafiri nayo, tafadhali. Simu nyingi siku hizi hubeba laini mbili: ya Kenya ibaki kwa ajili ya ujumbe, ya Ulaya iwe ya bando. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado nyumbani, na uzime data ya laini ya Kenya ili isimalize salio.

Pia gawaneni. Baba asibebe kila kitu. Mama naye awe na kadi yake, pesa kidogo kwenye laini yake, na nakala ya tiketi zote kwenye simu yake. Simu moja ikiibiwa kwenye msongamano wa kituo, mtoe taarifa mara moja kwa simu ya pili ili laini ifungwe, kisha safari iendelee. Bebeni kadi moja ya plastiki na euro taslimu pia, kwa sababu hoteli nyingine huomba kuona kadi yenyewe, na vyoo vya vituo vingi hudai sarafu.

Saa na vituo

Ratiba za Ulaya hutumia saa 24. Treni ya 07:50 ni saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na ya 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Mama akisema "treni ni saa nane", hakikisheni hakuna aliyeandika 08:00. Agosti, nchi hizo nne ziko nyuma ya Kenya kwa saa 1. Wakati wa baridi huwa saa 2.

Mji mmoja unaweza kuwa na vituo kadhaa. Venice kuna Venezia Mestre, upande wa bara, na Venezia Santa Lucia, penye mifereji. Mkishuka Mestre huku hoteli iko kisiwani, mtapanda treni tena. Köln kuna Köln Hbf, kando ya kanisa kuu, na Köln Messe/Deutz ng'ambo ya mto. Hbf ni kifupi cha neno la Kijerumani la kituo kikuu.

Tofauti na SGR, vituo vingi vya Ujerumani na Italia havina foleni ya ukaguzi wa mizigo. Mnatembea hadi jukwaani. Lakini treni haisubiri. Fikeni dakika 20 kabla, mkiwa na watoto.

Maswali tunayoulizwa

*Treni ikichelewa, nalipwa?* Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa abiria asilimia 25 ya nauli akichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120, isipokuwa kwa sababu kama hali mbaya mno ya hewa. Ndiyo maana ni heri ununue München hadi Venice kama tiketi moja. Ukiigawa mara mbili pale Verona, treni ya kwanza ikichelewa, ya pili inaweza kuwa hasara yako.

*Mtoto wa miaka 3 anahitaji viza?* Ndiyo. Hatozwi ada, lakini viza na pasipoti anazihitaji.

*Kuna mtu anasema ana njia ya kupata viza ya uhakika, nitume shilingi elfu thelathini kwa nambari yake.* Usitume. Hakuna ajenti anayeuza viza. Uamuzi ni wa ubalozi. Anayekuambia ulipe kwa nambari ya mtu binafsi, au akuombe nambari yako ya siri, ni mkora. Sisi pia hatutawahi kukuuliza nambari ya siri.

Jipime kabla ya kufunga ukurasa huu

Chukua karatasi yako ya safari. Mtalala wapi usiku mwingi zaidi? Siku za treni ndefu ni ngapi? Kila mtoto ana umri gani kwa viza, na umri gani kwa treni? Na kati ya malipo yote, ni lipi lisilorudishwa? Hilo la mwisho liwekee alama nyekundu, na usiliguse mpaka viza zote zitoke.

Mteja aliyetupigia simu ameanza kuweka akiba upya. Anataka kujaribu tena Agosti ijayo, na safari hii, alituambia, ataanza na karatasi. Tunamtakia yeye na nyote safari njema.